Kisiwa Kilichozimwa na Mashine za Mpunga

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano, na wiki ya pili tu nyumbani nimegundua kwamba sijui kukaa bila zamu. Ndiyo maana naandika. Sitaeleza nilipanda cheo mara ngapi, maana habari hiyo ingetosha mstari mmoja na msingejifunza kitu. Naandika kwa ajili yenu mnaokaa sasa kwenye kile kiti kilichochanika mkono wa kushoto, katika chumba cha kuongozea mitambo cha kituo chetu cha kupoza umeme, mkoani Shinyanga. Mna haki ya kujua kilichotokea siku kisiwa chetu cha kwanza kilipozimika. Kilichoandikwa kwenye kitabu cha zamu si chote, na aliyekiandika ni mimi.

Nilianza kama kibarua. Laini ya kwenda upande wa Geita ilikuwa inajengwa, nami nilichimba mashimo ya nguzo. Elimu yangu ni ya kidato cha nne, na matokeo yake sikuwahi kuyatundika ukutani. Wenzangu walipopumzika mchana walicheza drafti. Mimi nilisimama mbele ya transfoma mpya zilizokuwa bado kwenye mbao, nikinakili maandishi ya kwenye vibao vyake ili nikayatafute maana.

"Mwacheni Mabula," alisema mmoja wao, "anaiamkia transfoma. Akimaliza shikamoo atakuja kula."

Aliyenitoa kwenye mashimo ni Mzee Lugwisha, kiongozi wa zamu kituoni. Siku ya kwanza hakuniruhusu kugusa chochote. Alinipa kitabu cha zamu, akaniambia nikisome kwa sauti kuanzia ukurasa wa kwanza, na kazi hiyo ilichukua siku nne. Kisha akanieleza sheria zake. Agizo likitolewa kwa simu, unalirudia neno kwa neno. Unaliandika kabla mkono haujafika kwenye swichi. Na mtu yeyote aliye chumbani akitoa tahadhari, unaiandika tahadhari hiyo pamoja na jina lake na saa, hata kama huikubali.

"Hata mfagizi?" niliuliza.

"Hata mfagizi. Akisema anasikia harufu ya kuungua, andika: mfagizi kasikia harufu. Kama hakuna moto, utacheka kesho. Kama upo, utakuwa umeshaandika."

Nilifanya kazi chini yake miaka saba. Katika miaka hiyo nilimsikia akicheka mara mbili, na mara zote mbili sikuwa mimi niliyemchekesha.

Kiingereza cha mitambo nilijifunza kwenye miongozo ya vifaa vya ulinzi wa laini, nikiwa na kamusi iliyokosa kurasa za mwisho. Wahandisi vijana walikuja kutoka chuo kikuu wakiwa na kofia ngumu zisizo na mkwaruzo, wakaelewa kwa mchana mmoja jambo lililonichukua miezi. Niliwaonea wivu, sifichi. Lakini ulikuwa wivu wa kunisaidia. Kila nilipowaona wakifunga vitabu saa tisa alasiri, mimi nilifungua cha kwangu.

Katika mwongozo mmoja uliosahauliwa na mhandisi mgeni ndipo nilipokutana na habari ya kisiwa. Wengi wenu mmeisomea, lakini nitaieleza kwa ajili ya atakayekuja baada yenu. Gridi ya taifa ikianguka, kanda nzima inabaki giza, na kuirudisha huanzia mbali, kwenye mabwawa na mitambo ya gesi, kituo kwa kituo, hadi kutufikia sisi huku mwisho. Inaweza kuchukua siku nzima. Lakini huku kuna migodi, na migodi ina majenereta makubwa kwa ajili ya feni na lifti za chini ya ardhi. Ukitenga kipande cha mtandao kwa makusudi, ukakikata na gridi iliyokufa, majenereta yanayobaki yakiwa hayana kazi yanaweza kukilisha kipande hicho peke yake: hospitali, pampu za maji, kisha mitaa. Hicho ndicho kisiwa. Gridi ikifika, unavilinganisha viwili hivi na kuviunganisha, na hakuna aliye ndani ya kisiwa anayejua kilichopita.

Hatari yake ni moja. Gridi kubwa haishtuki mtu akiwasha mashine ya kusaga, lakini kisiwa kinashtuka. Aliyewahi kulima kwa plau ya ng'ombe atanielewa. Plau ikiingia kwenye udongo mgumu, ng'ombe hupunguza mwendo, hujikaza, kisha huendelea. Ukiwaongezea uzito kabla hawajajikaza, wanasimama. Jenereta nalo hupungua kasi unapolibebesha mzigo, kisha hujikaza. Kwa hiyo lazima ujue kila fida, yaani laini inayotoka kituoni kwenda kwa wateja, ina mzigo kiasi gani kabla hujaifunga, maana kwetu kufunga ni kuwasha na kufungua ni kukata.

Nilitengeneza jedwali. Kwa miaka miwili niliandika mzigo wa kila fida, kila saa, kila siku, siku za mnada na za mapumziko kando. Umeme unaporudi mzigo huwa mkubwa kuliko ulivyoondoka, kwa kuwa friji zote zinaanza pamoja, hivyo niliongeza nusu kwa kila namba. Mafundi wa laini walinitania.

"Kisiwa tunachokijua sisi ni Ukerewe," walisema. "Hiki chako kina sato, au tubebe kitoweo?"

Meneja alilichukua jedwali, akakaa na watu wa mgodini, na baada ya vikao vingi walikubali. Maelekezo yaliyobandikwa ukutani niliyaandika mimi. Ilikuwa kazi yangu ya maana kuliko zote, na ilisemekana atakayekiongoza kisiwa cha kwanza vizuri ndiye atakayefundisha vituo vingine vya kanda. Nilikitaka kiti hicho kuliko nilivyowahi kutaka kitu kazini.

Hapo ndipo alipoletwa Kabula.

Kabula alitoka dawati la dharura. Kwa miaka tisa kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu waliokatikiwa umeme, yaani kutukanwa kwa niaba yetu sote. Aliletwa kwangu kama mwendeshaji wa pili, mdogo kwangu kwa miaka kumi na miwili. Kila asubuhi aliingia na "Shikamoo, kaka," akaweka mkoba, na kabla hajakaa simu yake ya mkononi ilikuwa imeshaita. Fida hakuzitaja kwa namba. Kulikuwa na fida ya Mama Pendo, fida ya msikitini, fida ya mpunga. Nilimsahihisha kila mara. Aliitikia vizuri kila mara, kisha akaendelea.

Namna ya kulinganisha mifumo miwili niliyojifunza kwa mwaka mzima, yeye aliimudu kwa wiki tatu. Watu walimletea viazi na dagaa mpaka getini. Mzee Lugwisha, aliyekuwa amestaafu, alikuja siku moja kutusalimia. Alinipa mkono, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akavuta kiti kwa Kabula. Baada ya dakika chache nilimsikia akicheka. Niligeukia mita zangu nikaandika namba ambazo hazikuwa zimebadilika.

Gridi ilianguka siku ya Jumatatu, asubuhi, msimu wa mavuno ya mpunga. Kila kitu kilikwenda kama nilivyoandika. Tulifungua swichi zote na kujitenga. Mwenzetu wa mgodini alituletea umeme kwenye laini, ukiwa thabiti. Nilifunga fida ya hospitali na kasi ikashuka kidogo, ikarudi. Nilifunga pampu za maji, ikashuka, ikarudi. Iliyofuata kwenye jedwali ilikuwa fida namba nne.

"Kaka, hiyo subiri," Kabula alisema. "Hiyo ndiyo ya mpunga. Nipe dakika kumi niwapigie."

"Uwapigie nani?"

"Mzee Limbu na wenzake wa mashine za kukoboa. Na wale wa karasha kule juu." Karasha ni mashine za kusaga mawe ya dhahabu za wachimbaji wadogo. "Umeme ukikatika hawazimi swichi. Wanaziacha zimewashwa, wanakwenda kijiweni kunywa kahawa. Mashine ikianza kunguruma ndipo wanajua umeme umerudi, wanakimbia."

"Jedwali lina nyongeza ya nusu."

"Nusu ni ya friji, kaka. Hawa wana mota kubwa, zitaanza zote mara moja zikiwa na mpunga ndani. Siku za kawaida nikiona tunakaribia kurudisha huwa nawaambia wazime."

"Huwa unawaambia? Kwa ruhusa ya nani?"

"Kwa simu," alisema.

Haikuwa dharau, nadhani alikuwa anajibu swali tu. Lakini nilijua papo hapo kwamba alikuwa sahihi. Nawaomba msome hapo mara mbili. Sikumkatalia kwa sababu nilidhani amekosea. Miaka miwili niliandika namba za fida ile na sikuwahi kujua kwamba mashine zake zinaachwa zimewashwa, kwa kuwa namba zangu zilikuwa za umeme ukiwepo. Yeye alijua kwa sababu watu walimpigia. Nilimwambia kwamba kituo hakiongozwi na kijiwe cha kahawa, nikaandika agizo, nikalirudia, nikafunga.

Sindano ya kasi ilishuka, na safari hii haikurudi. Ilichukua muda mfupi kuliko unaohitajika kuusoma mstari huu. Majenereta ya mgodini yalijizima, na kisiwa kikafa.

Hospitalini walikuwa wameshazima jenereta lao baada ya kuona umeme wetu umetulia, na lilikataa kuwaka tena. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alipiga simu. Kabula ndiye aliyepokea, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Mama yuko mezani, tumeshamfungua. Tunatumia tochi za simu. Mnarudi lini?"

"Dada, sitakudanganya, si sasa hivi," Kabula alisema. "Tumieni tochi. Nawatumia fundi wa jenereta, yuko karibu nanyi, anaitwa Kulwa, namfahamu."

Kulwa alifika na jenereta likawaka. Mama na mtoto walitoka salama. Tulisikia jioni, na Kabula alikwenda uani akakaa huko kwa muda. Mimi nilibaki na kitabu. Niliandika saa ya kuanguka, kasi ya mwisho, na maneno haya: Mzigo ulizidi makadirio, sababu inachunguzwa. Tahadhari aliyotoa mwendeshaji wa pili sikuiandika.

Meneja alituita kesho yake. Aliuliza maswali yake kwa upole, akageukia Kabula.

"Wewe ulikuwepo. Kabla fida ya nne haijafungwa, ulisema lolote?"

"Niliyosema yako kitabuni, bosi," alijibu.

Meneja alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akarudi juu, akashuka tena. "Mbona hapa hakuna kitu?"

Kabula alinitazama, si kwa muda mrefu. "Basi sikusema," alisema.

Nimejiuliza mara nyingi kama alikuwa ameshakisoma kitabu asubuhi ile. Kama alikisoma, alinitega. Kama hakukisoma, alinisitiri papo hapo bila kujiandaa. Kati ya hayo mawili, la pili ndilo lililoniumiza zaidi.

Hatukuwa tumetoka ofisini Mzee Limbu alipoingia, kofia mkononi, vumbi la pumba mabegani. Alisalimia, "Mwangaluka," Kabula akaitikia. Hakuketi.

"Mimi sina ugomvi na umeme," alisema. "Umeme ni kama ng'ombe, una siku zake. Nina ugomvi na huyu binti. Siku zote akituambia zimeni, tunazima, anatuwashia mmoja mmoja. Jana hakupiga. Mota yangu imetoa moshi. Kabula, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, baba," Kabula alisema. "Jana nilichelewa kupiga. Nisamehe."

Ningeweza kusema hapo. Kulikuwa na watu watatu tu wa kunisikia. Nilitazama pumba zilizoanguka sakafuni kutoka mabegani mwa mzee yule.

Meneja hakuwa mjinga. Alichosikia kwa Limbu kilimtosha kujua fida ya nne ilibeba nini. Aliandika kwamba kisiwa kijacho kitaongozwa na Kabula, na mimi nitasimama kwenye kabati la kulinganishia. Sababu aliyonipa ni kwamba mikono yangu imetulia. Ilikuwa kweli, na haikunisaidia.

Miezi iliyofuata Kabula alichukua jedwali langu, akaongeza safu moja pembeni: jina la mtu, namba yake ya simu, ana mota ngapi, anapenda kupigiwa au kutumiwa ujumbe. Alikwenda kwenye mashine mwenyewe kwa bodaboda, mpaka kwa wachimbaji wa Bugarama. Nilimkosoa mwandiko. Nilimwambia majina mawili yamerudiwa. Alishukuru, akafuta.

Gridi ilipoanguka tena, ilikuwa saa nane mchana. Kabula alikaa kwenye kiti changu na simu mbili mezani. Sitaeleza hatua zote, maana ziko kitabuni na safari hii ziko kamili. Mtasoma humo mistari ambayo kituo chetu hakikuwahi kuwa nayo: Limbu kazima. Mama Pendo kazima. Karasha za juu zimezimwa, isipokuwa moja, mwenyewe yuko msibani, jirani anaruka ukuta. Alifunga fida ya nne ikiwa karibu tupu. Kisha akaanza kuwaita mmoja mmoja.

"Mzee Limbu, washa ya kwanza. Moja tu, baba. Hiyo ya pili niachie mpaka nikuambie. Nasikia mnanicheka huko kijiweni. Haya, washa."

Kasi ilishuka kidogo, ikarudi. Kisiwa kilidumu kwa saa tatu na nusu. Hospitali ilikuwamo, maji yalikuwamo, mpunga ulikobolewa.

Gridi ilipotufikia, kazi ilikuja kwangu. Mnaijua ile saa yenye mshale mmoja. Ukizunguka polepole, kisiwa na gridi vinakaribiana, na mshale unapokaribia juu kabisa, unafunga swichi. Ukifunga mahali pengine, majenereta yanapata mtikisiko mkubwa na kila kitu kinaanguka. Kosa la namna hiyo lingeandikwa kwa jina langu, lakini kisiwa kilichoanguka kingekuwa chake.

Nilitaka kianguke. Sikutaka mtu aumie hospitalini, na nilijua jenereta lao safari hii linanguruma pembeni, tayari kupokea mzigo. Nilitaka tu kiangukie mikononi mwa Kabula kama kilivyoangukia mikononi mwangu. Mshale ulifika juu, sikufunga. Ukazunguka tena vizuri kabisa, sikufunga. Mara ya tatu Kabula aligeuka.

"Kaka, mbona unauacha?"

"Unakimbia kidogo," nilisema. Haukuwa unakimbia.

Mara ya nne nilifunga, mahali pake hasa. Taa hazikupepesa. Sijui kama ulikuwa wema au mazoea. Nadhani ulikuwa mazoea, na ndiyo sababu nawahimiza muyajenge.

Aliyekwenda kufundisha vituo vingine ni Kabula. Alikwenda Geita, akaenda na Chato, na kila aliporudi alinieleza maswali waliyomuuliza, akiomba maoni yangu. Niliyatoa kwa ufupi. Baadaye akawa kiongozi wa zamu, nami nikawa chini yake kwa miaka yangu ya mwisho. Hakuwahi kutaja siku ile, hata kwa utani. Laiti angenitania.

Wiki yangu ya mwisho nilifanya nililopaswa kufanya. Mnajua kitabu cha zamu hakifutwi wala hakichomekwi maneno katikati ya mistari. Sahihisho huandikwa kwenye ukurasa wa siku hiyo, likitaja ukurasa wa zamani, likasainiwa na mwandishi na kiongozi wa zamu. Niliandika: Tahadhari ifuatayo ilitolewa na haikuandikwa. Saa nne na dakika arobaini, mwendeshaji wa pili, Kabula, alisema fida namba nne isifungwe kabla ya kuwapigia simu wenye mashine, kwa kuwa huziacha zimewashwa. Nilimwelewa. Nilifunga. Nikatia saini, nikampelekea kitabu.

Alisoma polepole. Niliandaa majibu ya mambo mengi ambayo angeweza kusema.

"Kaka, saa umekosea," alisema. "Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na nane."

"Una hakika?"

"Niliitazama saa ya ukutani kabla sijafungua mdomo."

Miaka yote niliyofanya kazi hakuna aliyewahi kunisahihisha saa. Nilichukua kitabu, nikakata arobaini kwa mstari mmoja, nikaandika thelathini na nane, nikasaini pembeni. Yeye akasaini chini yangu. Alikuwa bado ameshika kalamu yangu simu ilipoita, akaipokea. Aliyepiga alimuuliza kwanza habari za watoto, kwa majina yao, ndipo akasema kwamba kwake hakuna umeme. Nilisimama nikisubiri kalamu. Waliongea dakika sita.